Kuunga Nywele: Kusuka, Kushonea na Kubandika

Kuunga nywele ni ufundi wa kale. Mwaka wa 2014, watafiti wa magofu ya Amarna, mji wa Farao Akhenaten katika Misri, walieleza habari za mwanamke aliyezikwa huko yapata miaka 3,300 iliyopita, mwenye nywele za kuungia karibu 70 kichwani. Lakini namna ya kushonea, ienezwayo sana leo, yahusishwa na Christina Jenkins wa Cleveland, Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka wa 1952. Kabla ya hapo nywele za bandia zilishikizwa mara nyingi kwa vibanio, nazo zililegea upesi. Yeye alisuka nywele za mwenyewe pamoja na nyuzi, zikawa msingi, kisha akashonea juu yake nywele za kuongeza.

Kiswahili chavitenga vitendo hivi barabara: nywele za mwenyewe husukwa, za kuongeza hushonewa, na zitiwazo gundi hubandikwa. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Msuko ndio ubebao uzito wote. Ukikazwa kupita kiasi, nywele za ukingo wa paji hung'oka, na pengine hazioti tena.