Zefe ya Langoni

Mji wa Lamu una pande mbili. Mkomani, kaskazini, ndiko kwenye majumba ya mawe ya wangwana. Langoni, kusini, zamani ilikuwa ya vibanda vya makuti, wageni na watumwa. Huko ndiko alikofanya makazi Swaleh bin Alwi Jamal al-Layl, maarufu Habib Swaleh, sharifu wa Kingazija aliyefika Lamu akiwa kijana katika nusu ya pili ya karne ya 19. Alitibu watu kwa mitishamba, akawasomesha watoto wa watumwa, na hiyo ilikuwa kabla utumwa haujapigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka 1907. Wakubwa wa mji hawakupendezwa.

Kilichowaudhi zaidi ni matwari. Habib Swaleh alileta maulidi aliyoyatunga Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, akayasomesha kwa ngoma hizo ndani ya msikiti. Wanazuoni wa mji walikuwa wamezoea maulidi ya Barzanji, ya kusomwa kwa utulivu, na kupiga twari msikitini wakaona ni utovu wa adabu. Hakurudi nyuma. Karne ya 20 ilipokuwa ikiingia, Msikiti wa Riyadha ulikuwa umesimama Langoni, na wanafunzi wakija kutoka pwani nzima. Alipofariki mwaka 1935, uongozi ukabaki kwa wanawe, na hadi leo uko kwa kizazi chake.

Maulidi ya Riyadha huwekwa mwishoni mwa mwezi wa Mfunguo Sita, ili waliokwisha kusoma ya kwao Pate, Malindi au Mombasa wawahi. Siku ya zefe, yaani maandamano ya maulidi, watu huzuru kwanza kaburi la Habib, kisha safu za kanzu nyeupe huingia mjini na bendera, kila madrasa na matwari yake, kasida zikipokezanwa; hupita ufuoni, wanawake wakitazama pembeni, na kurejea Riyadha. Wageni wengi siku hizi hufuata mashindano ya punda na majahazi. Si vibaya, lakini anayeondoka baada ya punda hajayaona maulidi.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji katika urithi wa dunia, kwa sifa kubwa za majumba ya mawe. Baadhi ya majumba hayo yamekwisha kununuliwa na Wazungu wanaokuja kwa msimu. Zefe ya Langoni haina msimu mwingine ila Mfunguo Sita.