Uzi: Methadoni ilifikaje Kenya, na nani analipa?

Kila msimu wa kampeni Pwani, mtu hupanda jukwaani akalalamika kwamba kodi yetu inawanunulia mateja unga mwingine. Watu wanashangilia. Mimi nasoma siasa, si udaktari, lakini hii stori ina historia. Twende polepole.

Unga uliingia Pwani miaka ya 1980. Mwanzoni ulivutwa. Kuelekea 2000 sindano ikashika, na mara nyingi sindano ni moja, watu ni watano. Virusi vya ukimwi vikapata njia: miaka ya mwanzo ya 2010, karibu asilimia 18 ya wanaojidunga walikuwa navyo, mara tatu ya kiwango cha watu wazima nchini.

Halafu Desemba 2010 unga ukaadimika ghafla baada ya misako ya polisi. Ungedhani tatizo limeisha, sivyo? Watu wengi wakapatwa na arosto kwa mpigo: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Ikabidi watafutiwe huduma za dharura. (Wanasiasa wa "kamateni wote" huruka sehemu hii.)

Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili, Februari 2011. Sisi tulianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi na Mombasa.

Sasa ile hoja ya "unga mwingine". Ni kweli methadoni iko ukoo mmoja na heroini, hakuna haja ya kuficha. Tofauti iko kwenye saa. Heroini inaisha mwilini baada ya saa chache, mtu anarudi kutafuta pesa, kwa njia yoyote. Methadoni inamshikilia siku nzima. Na haidungwi: ni dawa ya maji, unakunywa mbele ya mhudumu, kila siku, hata Jumapili.

Na "kodi yetu"? Sehemu kubwa ya gharama imebebwa na wafadhili, hasa pesa za Marekani za ukimwi na Global Fund. Kaunti zilikabidhiwa afya 2013, lakini hii kitu imebaki mikononi mwa wageni. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada kwa siku 90. Arosto ya methadoni huanza ukikosa dozi siku moja au mbili tu. Pigeni hesabu.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu na hotuba ya mateja, muulizeni bajeti ya kaunti imeweka shilingi ngapi kwa methadoni. Na yule wa Watamu anayepanda matatu hadi Malindi kila asubuhi kunywa dozi yake, nauli anatoa wapi?