Rekodi za magendo za ziara ya Neil Young (1970–1971)

Rekodi za magendo za ziara ya Neil Young ni kanda na santuri zilizotengenezwa bila idhini kutokana na maonyesho ambayo mwimbaji wa roki kutoka Kanada, Neil Young, aliyafanya akiwa peke yake jukwaani nchini Marekani, Kanada na Uingereza, kuanzia mwisho wa Novemba 1970 hadi mwisho wa Februari 1971. Zilizo maarufu zaidi zilinaswa na wasikilizaji waliokuwa wamekaa ukumbini pamoja na watu wengine, kwa vinasa sauti vidogo walivyoviingiza kwa siri.

Rekodi hizo ni muhimu katika historia ya muziki wa roki kwa sababu zilisambaza nyimbo kadhaa kabla mwenyewe hajazitoa katika albamu yoyote. Kwa sababu hiyohiyo zilizua swali ambalo bado linajadiliwa: ni nani mwenye haki ya kuamua lini wimbo umekamilika na unaweza kufika kwa watu?

## Maana ya jina

Rekodi zisizo halali ni za aina tatu, na mara nyingi watu huzichanganya:

* Rekodi bandia ni nakala ya albamu rasmi iliyoigwa pamoja na jalada na nembo yake, ili mnunuzi adhani ni halisi.
* Rekodi ya wizi ni nakala ya muziki uliokwisha kutolewa rasmi, ikiwa katika jalada jingine.
* Rekodi ya magendo ni ya muziki ambao haukutolewa rasmi kabisa, kwa mfano onyesho la jukwaani au mazoezi ya studio.

Makala hii inahusu aina ya tatu. Mnunuzi wake kwa kawaida hadanganywi. Anajua kwamba anachonunua hakikutoka kwa msanii, na ndiyo sababu anakitaka.

Rekodi ya magendo ya onyesho inaweza kutoka katika vyanzo viwili. Cha kwanza ni mitambo ya ukumbi yenyewe, ambapo sauti huwa safi na karibu. Cha pili ni maikrofoni ya msikilizaji, ambapo husikika pia mwangwi wa ukumbi, makofi, vikohozi na minong'ono ya waliokaa jirani.

## Usuli wa ziara

Mwaka 1970 ulikuwa wa shughuli nyingi kwa Young. Kundi la Crosby, Stills, Nash & Young lilisambaratika katikati ya mwaka huo, na mwezi Septemba albamu yake *After the Gold Rush* ilitolewa. Wakati huohuo alikuwa amenunua shamba kaskazini mwa California, akaliita Broken Arrow.

Akiwa shambani hapo aliumia mgongo aliponyanyua mbao nzito. Maumivu hayo yalimfanya ashindwe kusimama kwa muda mrefu akiwa amebeba gitaa la umeme, na mwezi Agosti 1971 alifanyiwa upasuaji. Kwa hiyo katika ziara hii aliketi, akapiga gitaa la kawaida, harmonika na piano, bila bendi.

Ziara ilianzia katika klabu ndogo ya Cellar Door mjini Washington, D.C., ikaendelea Carnegie Hall mjini New York tarehe 4 na 5 Desemba 1970. Mwezi Januari 1971 alifika Massey Hall mjini Toronto, mji alikozaliwa mwaka 1945, na siku tatu baadaye Stratford katika jimbo la Connecticut. Tarehe 30 Januari alikuwa Royce Hall katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), na tarehe 1 Februari akapanda jukwaa la Dorothy Chandler Pavilion katika mji huohuo. Ziara ilimalizikia London.

Kumbi hizi nyingi zilijengwa kwa ajili ya muziki wa okestra na michezo ya kuigiza. Kwa kuwa hapakuwa na ngoma wala vikuza sauti vya magitaa, watu walikaa kimya wakasikiliza. Hali hiyo ilimfaa pia mtu aliyeficha kinasa sauti: chombo kidogo ambacho kingezidiwa na kelele za bendi kamili kiliweza kunasa sauti moja na gitaa moja kwa ubora wa kuridhisha.

## Nyimbo zilizosikika mapema

Thamani ya kanda hizi iko zaidi katika nyimbo mpya. Young aliimba nyimbo zake zilizojulikana, lakini kati yake aliingiza nyingine ambazo hadhira haikuwahi kuzisikia.

* "Old Man", aliyoitunga kutokana na mzee aliyekuwa mtunzaji wa shamba lake, ilitoka rasmi katika albamu *Harvest* mwezi Februari 1972.
* "Heart of Gold" ilipigwa kwa piano, ikiwa imeunganishwa na "A Man Needs a Maid" kana kwamba ni wimbo mmoja. Baadaye zilitenganishwa. "Heart of Gold" ilirekodiwa Nashville kwa gitaa na harmonika, ikashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1972. "A Man Needs a Maid" ilirekodiwa Uingereza pamoja na London Symphony Orchestra.
* "See the Sky About to Rain" ilisubiri hadi albamu *On the Beach* ya mwaka 1974.
* "Journey Through the Past" na "Love in Mind" zilitoka mwaka 1973 katika *Time Fades Away*, albamu ambayo kwa miongo mingi haikupatikana madukani katika CD.
* "Bad Fog of Loneliness" haikutolewa rasmi hadi mwaka 2007.

Wimbo wenye uzito wa pekee ni "The Needle and the Damage Done", unaohusu wanamuziki walioangamizwa na heroini. Mmoja wa waliomsikitisha Young ni Danny Whitten, mpiga gitaa wa kundi la Crazy Horse. Wimbo huu ulipoimbwa mwezi Januari 1971 Whitten alikuwa bado hai. Alifariki tarehe 18 Novemba 1972. Msikilizaji wa leo anausikia kama maombolezo. Kwa waliokuwa ukumbini usiku ule ulikuwa onyo, na muda wa kulisikia ulikuwa haujapita.

## Namna zilivyonaswa

Kaseti ndogo ya Philips ilikuwa imeanza kuuzwa mwaka 1963, lakini kufikia mwaka 1971 ubora wake ulikuwa bado wa chini. Wanasaji waliojali kazi yao walitumia mashine ndogo za mkanda wa magurudumu mawili, zilizotumia betri na kubebwa begani, kama vile Uher ya Ujerumani. Mashine ya aina hiyo, pamoja na maikrofoni ndefu ya Sennheiser inayonasa sauti ya mbele tu, ilikuwa imetumika kunasa onyesho la Rolling Stones mjini Oakland mwezi Novemba 1969.

Kazi ilikuwa na vikwazo vyake. Mkanda uliisha katikati ya wimbo na kulazimika kugeuzwa; ndiyo maana kanda nyingi za namna hii zina mapengo. Mnasaji hakuweza kupiga makofi wala kuzungumza, maana sauti yake ingekuwa kubwa kuliko ya mwimbaji. Kiti chake ndicho kilichoamua ubora wa rekodi nzima.

Baada ya hapo mkanda ulinakiliwa. Kila nakala iliongeza mchakacho na kupunguza sauti za juu. Wakusanyaji huita mkanda wa kwanza "mkanda mama" na nakala zake "vizazi". Nakala ya kizazi cha tano inaweza kuwa hafifu kiasi kwamba maneno hayaeleweki.

## Santuri za Los Angeles

Los Angeles ilikuwa kitovu cha biashara hii. Huko ndiko ilikotoka, mwezi Julai 1969, *Great White Wonder*, santuri ya magendo ya nyimbo za Bob Dylan ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza maarufu katika roki. Ilifuatiwa na wachapishaji kadhaa, miongoni mwao Trademark of Quality. Majalada yao ya mwanzo yalikuwa meupe, yakigongwa mhuri wa mpira au kubandikwa karatasi yenye jina la rekodi.

Onyesho la Dorothy Chandler Pavilion lilitokea likiwa katika santuri za namna hiyo, likiwemo toleo la *I'm Happy That Y'all Came Down* na lile la *Young Man's Fancy*. Wapenzi wa muziki walinunua nyimbo za *Harvest* kabla ya *Harvest* yenyewe kuwapo.

## Suala la sheria

Wakati wa ziara, sheria ya shirikisho ya Marekani ililinda utunzi wa wimbo lakini haikulinda rekodi ya sauti. Ulinzi huo ulianza kwa rekodi zilizotengenezwa kuanzia tarehe 15 Februari 1972. Hata hivyo, hii haikumaanisha kwamba santuri za magendo zilikuwa halali, kwa sababu mtunzi alibaki na haki zake. Sheria iliruhusu mtu kurekodi wimbo wa mwingine kwa kulipa ada, lakini baada tu ya mwenyewe kuridhia urekodiwe kwa mara ya kwanza. Kwa nyimbo mpya za Young ridhaa hiyo haikuwapo. Kunasa onyesho lenyewe bila idhini ya mwimbaji kulipigwa marufuku na sheria ya shirikisho mwaka 1994.

## Msimamo wa Young

Filamu fupi ya mwaka 1971 inamwonyesha Young akikuta dukani santuri ya magendo ya Crosby, Stills, Nash & Young, akimhoji mwuzaji na kuondoka nayo bila kulipa.

Upande wa pili, rekodi nzuri ya kitaalamu ilikuwapo tangu mwanzo. Prodyuza wake David Briggs alitaka onyesho la Massey Hall litolewe kama albamu. Young alikataa, kwa kuwa alikuwa ameshaanza *Harvest*. Lilipotolewa mwaka 2007, Briggs alikuwa amekwisha kufariki, na Young akakiri kwamba rafiki yake alikuwa sahihi.

## Matoleo rasmi

* *Live at Massey Hall 1971* (2007)
* *Live at the Cellar Door* (2013)
* *Young Shakespeare*, Stratford (2021)
* *Carnegie Hall 1970* (2021)
* *Royce Hall 1971* (2022)
* *Dorothy Chandler Pavilion 1971* (2022)

Tatu za mwisho zimo katika mfululizo ambao Young ameuita rekodi zake "rasmi za magendo": matamasha ya zamani yanatolewa kutoka mikanda mama, kwa sauti bora kuliko ile waliyoizoea wakusanyaji.

Matoleo haya yamepunguza haja ya kutafuta kanda za zamani, lakini hayajaifuta. Mkanda wa jukwaani humweka msikilizaji karibu na mwimbaji. Ule wa msikilizaji humweka katikati ya umati, ambapo husikika watu wakiupokea wimbo wasioujua, kwanza kwa ukimya, kisha kwa makofi.

## Tazama pia

* Neil Young
* Hakimiliki
* Kaseti
* Santuri