Pesa Sitini na Nne

Kabla pesa haijawa kitu cha kutuma kwa simu, ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, ya chini kabisa kwa thamani. Pesa nne zilifanya ana moja, ana kumi na sita zikafanya rupia. Piga hesabu: rupia moja ni pesa 64. Ukienda sokoni na rupia ukanunua kitu cha pesa 7, chenji yako ni pesa 57, na muuzaji alikuhesabia kichwani bila kikokotoo. Neno lenyewe ni paisa ya Wahindi. Lilitua Pwani, likapanda bara na misafara, Wakikuyu wakaliita mbeca. Sarafu ilikufa, jina likabaki.

Zetu za Mombasa zina mwaka wa Kiislamu 1306, yaani 1888, mwaka ambao Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya Malkia. Hebu fikiria: kampuni, si serikali, inatoa sarafu yake. Upande mmoja kuna mizani na maandishi ya Kiarabu, upande mwingine jua lenye taji. Hakuna hata moja iliyotengenezwa hapa. Nyingine zilitoka Birmingham kwa Heaton, ambao waliweka H, nyingine zikatoka Calcutta.

Kule kwa Wajerumani, kampuni yao nayo ilitoa pesa zake kuanzia 1890, 64 kwa rupia vilevile. Mwaka 1904 wakaachana na hesabu hiyo, wakaigawa rupia kwa heller 100, na ndiyo sababu Mtanzania akikosa pesa anasema hana hela. Upande wetu Waingereza waliingia kwenye senti mwaka 1905. Hesabu ya 64 ikaisha hivyo, bila kelele.

Sasa tuongee bei, maana najua ndiyo mnayongojea. Kila mwezi kuna video inayozunguka WhatsApp ikisema sarafu ya tundu itakununulia ploti Kitengela. Shangazi yangu alinipigia baada ya kuiona moja. "Mwanangu, niko na za shosho yako hapa, mkebe mzima. Tumeomoka?" Nilimwambia anisomee mwaka. 1936, senti kumi, na jina la Edward VIII.

Hiyo ina stori tamu. Edward aliachia kiti Desemba 1936 kabla hajavikwa taji, kwa hivyo kwao Uingereza hakuna sarafu yenye sura yake iliyoingia mtaani. Zetu za tundu hazikuwa na sura, zilihitaji jina tu, na zilikuwa zishatengenezwa. Sarafu ya mfalme ambaye hakutawazwa, imekaa kwa mkebe wa biskuti! Lakini zilitengenezwa nyingi mno, na iliyochakaa huuzwa kwa bei ya chapo madondo ya watu wawili. "Basi stori ni bure, shangazi," nikamwambia. Akacheka, akakata simu.

Uzee hauleti bei. Pesa ya 1888 ina zaidi ya miaka 130 na bado unaweza kuipata bila kuuza figo. Kinachowatoa jasho wakusanyaji ni florini ya 1920, iliyo changa zaidi kwa miaka 32, kwa sababu haikuishi.

Ilizaliwa hivi. Rupia ilikuwa imefungwa kwa pauni, rupia 15 kwa pauni moja. Baada ya Vita vya Kwanza bei ya fedha ikapaa, rupia ikapaa nayo, na 1920 serikali ikaikazia kwenye shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 1,500 benki alilala akidaiwa pauni 100, akaamka akidaiwa 150. Walipiga kelele. Florini ikaingia badala ya rupia, na haikumaliza hata miaka miwili kabla shilingi kuchukua nafasi yake. Florini nyingi zikarudishwa zikayeyushwa. Ile ya mwaka 1921 ni adimu kuliko zote.

Maumivu hayo lazima yangemwangukia mtu. Mwaka 1921 walowezi waliamua kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi. Harry Thuku alisimama Nairobi kupinga hilo pamoja na kipande na kodi, akakamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika kudai aachiliwe ukapigwa risasi.

Mimi hupenda kupima vitu. Florini ina gramu 11.66, nusu yake fedha. Shilingi ina gramu 7.78, robo tu ni fedha. Weka shilingi mbili zinazolingana na florini moja kwa thamani, hesabu fedha iliyomo: gramu 3.89 dhidi ya 5.83. Imepungua kwa thuluthi kamili. Sisemi mtu alipanga zifanane na mshahara. Nasema nimehesabu mara tatu.

Kama kuna mkebe kwenu, usisugue kitu na ndimu na majivu, utaua bei. Tafuta simba, kisha angalia mwaka. Shilingi ya 1921 inapatikana. Ikisema florini, keti chini kwanza.