Ardhi ya Kitengela: Malisho ya Wote Yalivyokuwa Viwanja



Mwaka huu wenzetu kadhaa wameomba kiwanja cha chama kigawanywe, kila mtu apewe sehemu yake na hati yake. Kabla hatujakata shauri, yafaa tutazame habari za Kitengela, kusini ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, kwani huko jambo kama hili limekwisha kupita.

Mwaka 1968 Serikali ilitunga sheria ya kuwawezesha wafugaji kuandikisha ardhi kwa jina la kikundi, chini ya wajumbe wasiopungua watatu wala kuzidi kumi. Ranchi ya Wamasai wa Kitengela ilikuwa na hekta 18,000 hivi, na majina yaliyomo daftarini yalizidi 200 kidogo. Walioandikwa walikuwa wakuu wa maboma, karibu wote wanaume. Wake zao hawakuandikwa, na vijana waliambiwa wangoje. Maadamu ng'ombe walilishwa pamoja, uzito wa daftari lile haukuonekana. Mjane naye alichunga penye nyasi. Wala tusidhani kwamba enzi zile zilikuwa za usawa mtupu. Mwenye ng'ombe mia nne na mwenye kumi walitumia malisho yale yale, na mkubwa hakumlipa mdogo kitu. Ndiyo maana hata wanyonge wengine walipenda mgawo.

Ranchi iligawanywa mwaka 1988, na kila aliyeandikwa alipata, kwa wastani, zaidi ya hekta 80. Kwa hesabu ni haki. Lakini mji haukuwajia wote kwa kipimo kimoja. Baada ya sheria ya mwaka 1990, viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng'ambo vilijengwa Athi River, na watu wa Nairobi wakatafuta mahali pa kujenga. Aliyeangukiwa na sehemu kando ya barabara ya Namanga aliweza kuuza kipande kidogo tu na kubaki na fedha. Mwenzake wa ndani, penye ukame, aliuza kingi kwa bei hafifu, kisha seng'enge za wageni zikamzibia njia ya mifugo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 katika mji huo.

Kuanzia mwaka 2000 wenye ardhi walioiacha wazi kwa wanyama wa mwitu walilipwa dola 4 kwa ekari kila mwaka, kwa mafungu matatu, ili zifae kwa karo za shule. Mpango mwema, ila fedha hizo nazo zilifuata ekari. Mwenye nyingi alipata nyingi, na asiye na hati hakupata kitu.

Sheria ya mwaka 2016, iliyochukua mahali pa ile ya 1968, yataka daftari la ardhi ya jamii liwe na wanajamii wote, wake kwa waume. Kwa Kitengela ilichelewa, kwani ardhi ilikwisha kugawanywa.

Sasa turudi kwetu. Daftari la kiwanja chetu liliandikwa na waanzilishi, na majina ya wajane wa wenzetu waliofariki hayamo. Mwandishi wa chama ameombwa alisome lote kwa sauti katika mkutano mkuu, jina kwa jina, kabla kura ya mgawo haijapigwa.