Sola ya kubeba au ya kufungwa paani: Mkazi wa Kambu achague ipi?

KATIKA soko la Kambu, kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, jua si bidhaa adimu. Kinachomtatiza mwenye boma ambaye nyaya za umeme hazijamfikia ni namna ya kulinasa: anunue paneli ndogo ya kuanika uani na kurejesha ndani jioni, au afunge kubwa juu ya mabati?

Hesabu huanzia kwenye wati. Paneli ya kubeba ya wati 10, ikianikwa saa tano za jua kali, huzalisha takriban wati-saa 50. Thuluthi moja hivi hupotelea njiani, na zinazobaki hutosha kuchaji simu moja na kuwasha taa ya wati 3 kwa saa nne. Mwanafunzi atasoma bila koroboi, lakini runinga isahaulike. Paneli ya wati 100 iliyo paani huzalisha mara kumi ya kiasi hicho, nayo itaendesha runinga ndogo, taa nne na simu kadhaa.

Hata hivyo, paneli ya kubeba ina faida ambayo wauzaji wa mitambo mikubwa hawapendi kuitaja. Huweza kuhamishwa kufuata jua. Kivuli cha tawi la mbuyu kikiangukia pembe moja tu ya paneli iliyofungwa, nguvu ya paneli nzima hushuka sana, kwa kuwa seli zake zimeungwa kwa mfululizo na iliyo dhaifu huzizuia nyingine. Aidha, mpangaji wa chumba sokoni huondoka nayo akihama.

Ubaya wake ni kwamba humtegemea mtu. Mbuzi huikanyaga, watoto huiangusha, na wenyeji wakienda shambani mchana kutwa huiacha ndani kwa kuhofia wezi, jambo ambalo ni sawa na kutokuwa nayo. Taa ambazo paneli na betri zimeshikana huwa na tatizo zaidi: betri ya lithiamu ikichomwa na jua kila siku huchakaa upesi.

Ya paani nayo haipendi joto. Seli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25. Paneli iliyolazwa juu ya mabati na kufikia nyuzi 65 huwa imepoteza asilimia 16. Kwa hivyo fundi aiinue kwa vyuma ili hewa ipite chini yake, na aitege ikielekea kaskazini, kwani Kambu iko kusini mwa Ikweta. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 watosha, na mvua ya Novemba itaosha vumbi jekundu. Kiangazi kinapodumu, kitambaa chenye maji hufaa, asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Boriti zilizoliwa na mchwa zisibebeshwe mzigo huo. Nguzo ya chuma uani ni salama zaidi.

Sheria pia inahusika. Kanuni za mwaka wa 2012 zinataka mitambo ya sola ifungwe na fundi mwenye leseni, ambayo sasa hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mwaka huo huo ndipo M-Kopa ilipoanza kuuza paneli ndogo za kulipiwa kidogo kidogo kila siku kupitia M-Pesa. Mpango huo uliwawezesha wengi kufunga sola paani bila akiba kubwa, ingawa asiyelipa huzimiwa mtambo.

Kwa mwenye nyumba yake, ya paani ndiyo ifaayo, mradi anunue pia betri inayolingana nayo. Mpangaji, mchuuzi wa usiku na dereva wa lori anayelala njiani hawana haja ya kutoboa mabati. Asubuhi za mawingu za Juni na Julai zitawabana wote.