Kabla ya poda kuna kungwi

Tangu kipindi cha mwezi uliopita, swali tunaloletewa kuliko mengine yote ni fupi: "Dada, naanzia wapi?" Wanaouliza ni wanawake trans, wengi wana miaka ishirini na kitu, baadhi bado wanaishi kwa wazazi. Wana lipstiki moja iliyofichwa ndani ya soksi, wana gauni waliloagiza mtandaoni likaja linabana mabegani, na hawana wa kumuuliza. Video zipo maelfu. Mtu wa kukushika mkono ndiye hayupo.

Swali nalijua, manake nilianza nikiwa na miaka 27, hapahapa New Jersey. Lakini mimi si mtaalamu wa urembo. Kazi yangu ni sheria, na historia naisoma kwa mapenzi tu. Kwa hiyo jibu langu litapitia mahakamani kidogo, mnivumilie.

Sisi ambao wazazi wetu wametoka Mombasa, Lamu au Unguja tunajua jambo moja: kujiremba hufundishwa. Binti akikaribia kuolewa anawekewa somo, au kungwi, mwanamke mtu mzima wa kumwonyesha singo inavyosuguliwa, nguo zinavyofukizwa udi, hina ikae mpaka lini, na kipi kinavaliwa mbele ya nani. Mama mzazi mara nyingi hajiingizi, kwa ajili ya haya. Mwanamke trans hakuwekewa mtu huyo. Umri ambao wenzake walikuwa wanafundishwa kupaka wanja, yeye alikuwa anafundishwa kufunga tai.

Basi nilipoanza kusoma habari za wanawake waliotutangulia hapa Marekani, sikuwa natafuta mashujaa. Nilikuwa natafuta makungwi. Nani alimfundisha nani, na wapi?

Huwezi kuelewa kwa nini mafunzo yalifanyika mafichoni mpaka uijue sheria. Columbus, Ohio, mwaka 1848, Chicago mwaka 1851, San Francisco mwaka 1863: mji baada ya mji ulipiga marufuku kutoka hadharani na nguo "zisizo za jinsia yako". New York ilifika huko kwa njia ya ajabu zaidi, na ndiyo ninayoipenda kuisimulia.

Miaka ya 1840, kwenye bonde la mto Hudson na milima ya Catskills, wakulima wapangaji walichoka kuwalipa kodi mabwanyenye waliomiliki ardhi kwa vizazi. Sherifu akija kunadi ng'ombe wa mpangaji, yalitokea makundi ya wanaume waliovaa magauni ya kaliko na vinyago, wakijiita Wahindi Wekundu, wakamtimua. Serikali ikashindwa kuwatambua. Januari 1845 bunge la jimbo likapitisha sheria: ni kosa kuonekana barabarani au shambani ukiwa umeupaka uso rangi, umeufunika, au umejigeuza usijulikane. Yaani sheria ya kuwakamata wakulima wenye hasira.

Vita vya kodi vikaisha, sheria ikabaki. Karne ya ishirini polisi wa jiji la New York wakaiokota na kuitumia kwa watu wasiokuwa na shamba wala sherifu wa kumkimbia. Kuna kesi moja iliyoamuliwa mwaka 1968. Mtu alikamatwa kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi. Hukumu inaorodhesha alichokuwa nacho mwilini kama risiti ya dukani: gauni jeupe la jioni, viatu vya mchuchumio, wigi la rangi ya dhahabu, nguo za ndani za kike, vipodozi usoni. Hakumwibia mtu, hakumtapeli mtu. Mahakama ya rufaa ikathibitisha kuwa ana hatia. Nimesoma hukumu nyingi ndefu na za kutisha kuliko ile, lakini ile orodha ndiyo inayonikaa kifuani. Poda kuwa ushahidi!

(Utasikia watu wakisema sheria ilidai uvae angalau vipande vitatu vya nguo za "jinsia yako". Wengi waliopitia enzi zile wanakumbuka hivyo, na sisemi wanaongopa kuhusu walichoambiwa na polisi. Ila wanahistoria walioitafuta sheria ya namna hiyo vitabuni hawajaipata. Zilizokuwepo zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hazikuwa na hesabu. Askari ndiye aliyekuwa rula.)

Sasa sikilizeni. Milima ile ile ya Catskills, ambako wanaume wenye magauni ya kaliko walisababisha sheria itungwe, ndiko karne moja na kitu baadaye palipofunguliwa nyumba ya kujifunzia. Mwenye nyumba alikuwa Marie Tornell, mwanamke aliyekuwa na duka la mawigi Manhattan. Inasimuliwa kwamba siku moja aliingia mteja akitaka wigi la dada yake, na Marie akatambua palepale kwamba dada hayupo. Wakaoana. Mteja yule ndiye Susanna Valenti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 wawili hao walipokea wageni wikiendi huko milimani, mwisho kwenye nyumba iliyokuja kujulikana kama Casa Susanna, kijijini Jewett.

Wageni walifika na suti na tai, wenye kazi nzuri, wengi wana wake na watoto. Wake wengine walikuja nao. Wakishaingia ndani, suti zinatundikwa. Marie aliyajua mawigi, akawaonyesha pia namna ya kujipaka. Huyo, kwa maoni yangu, ni kungwi kamili: mwanamke mtu mzima, mwenye duka, asiyeshtuka. Susanna naye aliandika safu kwenye Transvestia, jarida lililoanzishwa na Virginia Prince huko California mwaka 1960, na kwa hiyo mtu aliyeko Texas au Ohio aliweza kusoma akiwa chumbani kwake na kujua kwamba hayuko peke yake.

Nisiwadanganye kwamba wote pale walikuwa kama sisi. Wengine walikuwa wanaume waliopenda nguo za kike siku mbili kwa mwezi, Jumatatu wakarudi ofisini roho zimetulia. Wengine walikuwa wanawake ambao hawakuwa bado na neno la kujiita. Susanna mwenyewe mwishowe aliamua kuishi kama mwanamke siku zote. Katherine Cummings, mkutubi wa Australia aliyefika pale kijana, alifuata njia hiyo miaka mingi baadaye na akaandika kitabu cha maisha yake.

Tunayajua haya kwa sababu ya picha. Mamia ya picha zao zilikutwa kwenye soko la mitumba Manhattan na zikachapishwa kuwa kitabu mwaka 2005. Zitafuteni, kisha angalieni wamevaa nini. Manyoya ya jukwaani hayapo. Utaona magauni ya pamba, sweta za vifungo, mkufu wa lulu, kiatu cha kisigino kifupi. Mmoja anaosha vyombo, wengine wamekaa kucheza Scrabble. Wamevaa kama majirani wa makamo wa wakati wao, na anayeanza leo ajifunze hapo kwanza: tazama wanawake wa umri wako na mtaa wako wanavaa nini kwenda sokoni, uanze na hicho. Gauni la sherehe lina siku yake. Mabega mapana yanapenda shingo ya V na mkono usiovimba. Sketi iliyochanua kidogo inakupa nyonga. Pima kifua, kiuno na nyonga kwa utepe kabla ya kuagiza chochote, kwa sababu namba za nguo za kike kila duka lina zake.

Ila picha zile zina doa. Karibu nyuso zote ni nyeupe, na nauli ya kwenda milimani si kila mtu alikuwa nayo. Wenzetu weusi na Walatino walijifunzia barabarani, mbele ya askari. San Francisco, mtaa wa Tenderloin, wanawake waliopitia miaka hiyo wamesimulia kwamba hata vifungo vya shati kuwa upande wa kike vilitosha kukupeleka rumande. Usiku mmoja wa Agosti 1966, kwenye mgahawa wa Compton's, askari alimshika mmoja wao, naye akammwagia kahawa usoni. Meza zikapinduliwa, vioo vikavunjwa. Marufuku ya mavazi ya mji ule ilifutwa mwaka 1974 tu. Huku New York, mwaka 1970, Marsha P. Johnson na Sylvia Rivera waliunda STAR na kupata nyumba ya kuwalaza vijana waliofukuzwa kwao. Wao wenyewe hawakuwa na kitu. Marsha alijipamba kichwa kwa maua yaliyobaki sokoni.

Na yuko mmoja wa kwetu hapa, Tracey Norman wa Newark, Mwamerika mweusi. Miaka ya 1970 alipigwa picha na Irving Penn kwa ajili ya Vogue ya Italia, na uso wake ukawekwa kwenye boksi la rangi ya nywele la Clairol, namba 512. Wanawake walinunua boksi lile bila kujua kwamba anayewatazama ni mwanamke trans. Karibu na mwaka 1980 mtu alimfichua akiwa kazini, kazi zikakatika. Clairol walimrudisha kwenye matangazo mwaka 2016.

Ngozi yetu ina elimu yake, na mafunzo mengi ya zamani hayakuihesabu. Mpaka Fashion Fair walipoanza mwaka 1973, mwanamke mweusi wa Marekani alikuta kaunta nyingi za maduka makubwa hazina rangi yake. Kivuli cha ndevu kwenye ngozi nyeusi hutoka kijivu. Ukikipaka faundesheni moja kwa moja unapata majivu. Nyoa kwanza, paka losheni, subiri ikauke. Kisha rangi ya chungwa kidogo sana pale penye kivuli, na kama ngozi yako imekolea zaidi, chungwa lenye wekundu. Ndipo faundesheni, tabaka jembamba, halafu poda, ukiigandamiza badala ya kuisugua. Haya sikuyapata kwenye video. Nilifundishwa na mama mmoja wa Kikongo mwenye saluni, aliyenitazama mkono unavyokwenda akasema: "Mwanangu, hii ni sura, haiko ukuta." Hakuniuliza swali lingine lolote.

Ile sheria ya 1845, kupitia matoleo yake ya baadaye, ilidumu miaka 175. Haikufutwa kwa kutuonea huruma. Ilifika korona, serikali ikaagiza watu wote wafunike nyuso, na kitu hakiwezi kuwa amri na kosa kwa wakati mmoja. Bunge la New York likaifuta mwaka 2020. Februari 2021 ikafuata nyingine, ya 1976, iliyowapa polisi nafasi ya kumshuku mwanamke kuwa kahaba kwa alivyosimama na alivyovaa. Hiyo ndiyo iliyotuumiza zaidi sisi weusi, na wasichana niliokuwa nawasaidia ofisini walikuwa wanaijua kwa namba.

Kwa hiyo dada mliouliza, kabla hamjanunua kitu kingine tafuteni mtu: rafiki wa kike, binamu anayejua kunyamaza, mwenye saluni mwenye moyo. Walioko karibu na Newark waniandikie. Yule mama bado yupo, na Jumatatu asubuhi ndiyo hana wateja wengi.